Kuhusu Karanga, Mbwa Wangu Mwenye Moyo Unaovuja



Wengi wenu huja hapa kutafuta habari za programu huria, simu na tarakilishi, na leo pia kuna msimbo kidogo mkivumilia hadi katikati. Lakini habari yenyewe ni ya mbwa. Anaitwa Karanga. Ni mweupe mwili mzima isipokuwa sikio moja lenye rangi ya karanga zilizokaangwa, na vali moja ya moyo wake haifungi vizuri. Nilimchukua nikilijua jambo hilo. Tangu siku hiyo, karibu kila mtu ninayemfahamu ameniuliza swali lile lile: kwa nini uchukue mbwa ambaye tayari ameharibika? Nimechoka kulijibu kwa simu, kwa hivyo leo nalijibu hapa mara moja, na jibu lenyewe ni refu.

Hapa kwetu mbwa ni askari. Mchana hufungwa, usiku hufunguliwa, hula ugali na mabaki ya nyama, na akizeeka huletwa mwingine. Jijini Nairobi kuna ufugaji wa aina nyingine: watoto wa mbwa wa Japanese Spitz, weupe kama pamba, wanaonunuliwa ili wacheze na watoto wa nyumba. Familia ikihamia ng'ambo, au ikihamia fleti isiyoruhusu wanyama, mbwa hubaki. Wenye bahati hupelekwa kwenye makao ya wanyama. Shirika linalojulikana sana nchini kwa kazi hii ni KSPCA, lililoanza mwaka 1910 na lenye makao yake Karen, na yapo makao mengine madogo madogo. Mimi nilienda kwenye mojawapo ya hayo madogo, viungani mwa jiji, Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka 2023.

Mimi hufanya kazi nyumbani, Ongata Rongai, nikiandika programu za kampuni ambayo ofisi zake nimezitembelea mara tatu tu. Nilitaka kiumbe wa kunilazimisha nitoke nje jioni. Mhudumu, mama mmoja wa makamo aliyewajua mbwa wote kwa majina, alinizungusha kwenye vizimba. Kila kizimba kilikuwa na kadi. Kwenye sehemu ya magonjwa kadi nyingi hazikuandikwa chochote, kwa sababu mbwa wale waliokotwa barabarani na hakuna aliyejua historia yao. Kadi ya Karanga ilikuwa imejaa: amezaliwa 2015 hivi, chotara wa Spitz, mwenyewe amehama nchi, amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, amehasiwa, ana mvumo wa moyo daraja la 4 kati ya 6.

"Huyu watu humpenda, halafu wakisoma kadi wanamwacha," mama yule aliniambia. "Ukimtaka, soma kwanza."

Nilisoma, na kilichonijia kichwani ni somo la hifadhidata tulilofundishwa chuoni. Kwenye jedwali la hifadhidata, sehemu tupu na sehemu yenye sifuri ni vitu viwili tofauti. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alipima, akakuta hakuna. Sehemu tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyepima. Ukizichanganya, programu yako itatoa majibu ya ajabu na hutajua yametoka wapi. Sasa pale kwenye vizimba, wageni wengi walikuwa wakisoma kadi tupu kama sifuri. Mbwa asiye na maandishi alihesabiwa mzima, na Karanga, ambaye angalau alikuwa amepimwa, alihesabiwa mbovu. Yule wa kizimba cha pili huenda alikuwa na figo zinazochoka au homa ya kupe mwilini. Hakuna aliyejua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nikaona heri zimwi lenye kadi.

Hata hivyo sikutia sahihi siku ile. Nilimpeleka kwanza kwa daktari wa wanyama. Daktari aliweka stethoskopu upande wa kushoto wa kifua, akasikiliza kwa muda, kisha akanivisha mimi masikioni. Moyo mzima hutoa milio miwili, du-dup, du-dup, na milio hiyo ni ya vali zinazofunga. Moyo wa Karanga ulisema du-fyuuu, du-fyuuu.

Niwaeleze kinachotokea mle ndani. Moyo wa mbwa una vyumba vinne kama wetu. Damu yenye oksijeni hutoka mapafuni, huingia chumba cha juu kushoto, hushuka hadi chumba cha chini kushoto, na kutoka hapo husukumwa kwenda mwilini. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna vali ya mitrali, ambayo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu. Kwa mbwa wadogo wanaozeeka, vali hii inaweza kuwa nene na kuota vinundu, kingo zake zisikutane, na kila pigo la moyo likarudisha damu kiasi ilikotoka. Huu ndio ugonjwa wa moyo unaowapata mbwa wengi zaidi. Mvumo ni sauti ya ile damu inayorudi. Daraja la 1 husikika kwa shida, chumba kikiwa kimya na sikio likiwa zoefu. Daraja la 4 ni kelele. Kuanzia la 5, ukiweka kiganja kifuani unahisi mtetemo.

Ila ukubwa wa sauti peke yake hausemi moyo umefikia wapi. Kwa hivyo alipigwa eksirei, na moyo ukatazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti kama ile ya kina mama wajawazito. Chumba cha juu kushoto kilikuwa kimepanuka. Madaktari wa moyo wa wanyama huupanga ugonjwa huu kwa herufi. A ni mbwa wa aina iliyo hatarini lakini hana kasoro bado. B1 ana mvumo, lakini moyo haujapanuka kiasi cha kutia wasiwasi. B2 moyo umepanuka lakini mbwa mwenyewe hana dalili. C maji yameshaingia mapafuni. D dawa za kawaida hazitoshi tena. Karanga alikuwa B2. Asubuhi ile ile alikuwa amemkimbiza paka hadi juu ya ukuta.

Daktari alimwekea pia vibanio vya kupima umeme wa moyo. Nilipotazama kioo nilidhani mashine ina hitilafu, maana mapigo hayakuwa na mwendo mmoja. Kumbe ndivyo ilivyo: moyo wa mbwa aliyetulia huenda mbio akivuta pumzi na kupunguza mwendo akiitoa, na hiyo ni dalili njema. Kipimo hiki chenyewe kina historia ya mbwa. Augustus Waller, aliyerekodi umeme wa moyo wa binadamu mjini London mwaka 1887, alikuwa na mbwa wa aina ya bulldog aitwaye Jimmie. Mwaka 1909 alimsimamisha mbele ya wageni wa Royal Society, miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi vilivyounganishwa na nyaya. Swali likafika hadi Bungeni kama huo haukuwa ukatili. Waziri akajibu kwamba ni maji ya chumvi tu, na kwamba mbunge aliyeuliza, kama amewahi kutembea baharini miguu mitupu, anajua mbwa yule alihisi nini.

Turudi kwa Karanga. Kwenye B2 ndipo swali la pesa linapoanza. Mbwa hana dalili yoyote, na daktari anakwambia umpe dawa kila siku, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Sipendi kununua kitu kabla sijasoma, kwa hivyo nilirudi nyumbani nikasoma. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao EPIC, uliofanywa kwa mbwa 360 wenye hali kama ya Karanga. Kundi moja lilipewa dawa iitwayo pimobendani, kundi la pili likapewa tembe zisizo na dawa ndani. Wakahesabu siku hadi moyo kushindwa kazi, au mbwa kufa kwa sababu ya moyo. Namba ya katikati kwa waliopata dawa ilikuwa siku 1,228, na kwa wasiopata, siku 766. Tofauti ni siku 462, yaani miezi 15. Kwa mbwa wa miaka minane, miezi 15 si haba. Nikatia sahihi.

Mama yangu, anayeishi Mwingi, hakuvutiwa na takwimu hizo.

"Baba, mbwa wa kumeza dawa atamfukuza mwizi gani?"

"Huyu hafukuzi mtu, Mama."

"Sasa kazi yake ni nini?"

"Jioni natembea naye."

Alinyamaza kidogo. "Na hiyo dawa ni pesa ngapi?"

Nikamwambia. Nilimsikia akimweleza jirani, bila hata kufunika simu, kwamba shida ya mwanawe ni kusoma kupita kiasi.

Hajakosea kuuliza. Dawa ya mwezi mmoja inapita bili yangu ya intaneti, na nisingemshauri mwenye kuhesabu nauli aingie kwenye deni kwa ajili ya mbwa. Mimi nilipiga hesabu kabla, nikaona inawezekana. Tarehe moja nikilipa kodi ya nyumba kwa M-Pesa, nalipia na dawa palepale.

Sasa tufike kwenye msimbo niliowaahidi. Daktari alinipa kazi moja ya nyumbani: kuhesabu pumzi za Karanga akiwa amelala. Damu inayorudi nyuma huongeza shinikizo kwenye mishipa inayotoka mapafuni, na shinikizo likizidi, majimaji huanza kuvuja ndani ya mapafu. Mbwa hufidia kwa kupumua haraka zaidi, na mara nyingi hufanya hivyo kabla mwenyewe hajaona jambo lingine lolote. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mbwa aliyelala fofofo kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Zikipita 30 tena na tena, mpigie daktari. Usihesabu akiwa anahema kwa joto, wala akiota, maana mbwa anayeota hutikisa miguu na pumzi zake huruka ruka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu ya ugonjwa huu yanahesabika bila mashine yoyote.

Lakini ukimpa mwandishi wa programu kazi ya kuhesabu, unajua kitakachofuata. Niliandika ukurasa mmoja wa HTML wenye kitufe kimoja kikubwa, na mistari kama 60 ya JavaScript. Nagusa kitufe kila kifua kinapopanda. Programu hutunza wakati wa kila mguso, hupima muda kati ya mguso na mguso, kisha huchukua muda wa katikati kwenye orodha hiyo. Gawanya 60 kwa muda huo wa sekunde, unapata pumzi kwa dakika. Nilichagua namba ya katikati badala ya wastani kwa sababu mbwa, kama sisi, kuna wakati hushusha pumzi moja ndefu, na pumzi moja ya namna hiyo inatosha kuuvuruga wastani. Vipimo vyote hukaa ndani ya simu. Hakuna seva, hakuna akaunti, hakuna nywila. Marafiki walinishauri niweke kamera na akili bandia inihesabie. Niliwajibu kwamba kazi hii inanitaka nikae kimya dakika moja kando ya mbwa, na dakika hiyo sina haja ya kuiokoa.

Kuna mambo mawili niliyoyazingatia. La kwanza, siku ambayo sikupima, grafu huacha pengo. Haiweki sifuri, wala haivuti mstari kuunganisha jana na kesho kana kwamba mambo yalikuwa shwari. La pili, kengele hailii kwa kipimo kimoja. Hulia vipimo viwili vinapozidi 30 vikiwa vimepishana nusu saa. Kengele inayolia ovyo mwishowe huzimwa, na yeyote aliyewahi kushika zamu ya seva usiku ananielewa.

Kwa miezi kumi na sita namba zilicheza kati ya 18 na 22. Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa sita mwaka 2024. Karanga alikula chakula chote jioni, akatikisa mkia, akalala. Saa tatu usiku nilipata 31. Saa tatu na nusu, 36, na kengele ikalia. Saa nne na nusu, 42. Hakuwa anakohoa. Kitu pekee ambacho mgeni angeweza kuona ni kwamba alilala kifudifudi, shingo kainyoosha mbele na viwiko kavitanua, kama anayetafuta nafasi zaidi kifuani. Nilimpigia daktari, akasema mlete sasa hivi. Dereva wa kwanza wa teksi alimwona mbwa akaondoka bila kuaga. Wa pili alitandika gunia kwenye kiti cha nyuma, akaendesha pole pole kwenye matuta bila mimi kumwambia.

Aliwekwa kwenye oksijeni, akadungwa furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kupitia mkojo. Daktari hakumgusa zaidi hadi alipotulia, kwa sababu mbwa anayehangaika kupata hewa anaweza kufa kwa hofu ya kushikwa shikwa. Eksirei ya baadaye ilionyesha ukungu mweupe mapafuni. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi alfajiri, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kuhesabu. Saa kumi na moja daktari alitoka akasema, "Ishirini na sita." Akaongeza kwamba wengi huletwa asubuhi, ulimi ukiwa umegeuka samawati. "Huyu umemleta akiwa bado anatembea."

Kwa hivyo sasa Karanga ni C. Kwenye C hakuna kurudi nyuma. Anameza pimobendani, furosemidi, na dawa ya tatu iitwayo enalaprili. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonirudishia mazungumzo na Mama.

Alikuja Rongai mwezi wa nane. Asubuhi ya pili aliingia jikoni kuchemsha chai, akaona boksi la dawa kando ya jiko, akaligeuza geuza.

"Hii ni dawa yangu ya presha. Umeitoa wapi?"

"Ni ya Karanga, Mama."

Alicheka hadi akaketi. Dawa moja, mama mzazi na mbwa. Alipomaliza kucheka aliniuliza kama mbwa huimeza kila siku. Nikamwambia ndiyo, kila siku.

"Hata akiwa hana neno?"

"Hata akiwa hana neno."

Akawa kimya, akimimina chai. Kisha akaniambia kwamba zake aliziacha tangu Pasaka. Kichwa hakimuumi, miguu haimvimbi, na kliniki ni mbali, kwa hivyo presha lazima ilikuwa imekwisha. Nikamuuliza ilipimwa lini mara ya mwisho. Hakumbuki. Sikutoa hotuba ya hifadhidata. Nilimwambia tu kwamba jioni tukimtembeza Karanga tutapita kwenye duka la dawa la hapo stendi, wana kipimo. Tulipita. Namba zilikuwa 178 juu, 104 chini. Mama alizitazama, akamtazama mbwa, akamtazama yule kijana wa duka aliyekuwa ameshika karatasi.

"Lakini sisikii kitu," alisema.

Ndiyo shida ya presha, haisikiki. Kesho yake tulienda kliniki, daktari akamrudishia dawa na kumpangia siku za kupimwa. Tafadhali mnisome vizuri hapa: jina la dawa kuwa moja hakumaanishi kipimo ni kimoja. Mbwa asipewe dawa ya mtu, na mtu asichukue ya mbwa, bila daktari kusema. Mama sasa ana daftari la mistari ambamo anaandika tarehe na namba mbili. Siku asiyopima anaacha mstari wazi. Nilipoona mistari ile mitupu nilitaka kumuuliza ni nani aliyemfundisha, kisha nikanyamaza. Jumapili akipiga simu huanza na mbwa: "Huyo mgonjwa mwenzangu amemeza?"

Basi hilo ndilo jibu langu kwa walioniuliza. Sikumchukua Karanga kwa sababu nina huruma kuliko wengine. Nilimchukua kwa sababu kadi yake ilikuwa imeandikwa, na kitu kilichoandikwa mtu anaweza kukipangia. Najua ataniacha, pengine kabla ya wengi wa mbwa waliokuwa kwenye vile vizimba siku ile. Kila jioni anatembea hadi kwenye kibanda cha mama mboga na kurudi, mwendo wa mzee, akisimama kunusa kila mlingoti wa stima.

Mkiwa na mbwa mdogo aliyevuka miaka saba, mpelekeni asikilizwe moyo, halafu hesabuni pumzi zake usiku akiwa bado mzima, ili siku ya wasiwasi muwe na namba ya kulinganishia. Anayetaka ule ukurasa wangu wa kitufe kimoja aniandikie nimtumie. Ni huru, ubadilishe utakavyo. Na mkipita karibu na mahali wanapopima presha, ingieni, hata kama hamsikii kitu.

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye habari za simu. Sasa ni saa nne usiku, na Karanga amelala chini ya meza: 24.